Benki si Mume Wako, Mama

Sehemu ya 1: Nimeitwa mwenye tamaa

Nimetoka zamu ya usiku, watoto wameshaenda shule, chai iko mezani na usingizi bado haujaja. Kabla haujaja, ngoja niseme jambo ambalo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Tulikuwa chumba cha mapumziko, saa tisa usiku, manesi watatu, wote wa kwetu. Nikasema tu kwa kupita kwamba mwezi huu nahamisha akaunti, na benki mpya itanipa pauni 175 kwa kuhamia. Mmoja akacheka: "Dada, wewe una tamaa. Benki ile ndiyo iliyokupokea ulipofika huku na begi moja. Leo unaikimbia kwa vihela hivyo?" Mwingine akadakia: "Hao matapeli hao. Benki gani inagawa hela bure?"

Nikanyamaza. Mgonjwa wa kitanda cha nne alibonyeza kengele, nikaenda. Lakini huku nabadilisha dripu nawaza: huyu huyu aliyeniita mwenye tamaa, wiki iliyopita alinikopa pauni 40 za kumfikisha mwisho wa mwezi, maana ovadrafti yake ilikuwa imegota. Ovadrafti ya benki gani? Ya hiyo hiyo iliyompokea. Mteja wao wa miaka 9.

Nimemwambia nitaandika habari hii. Amesema, "Andika, ila usinitaje." Basi simtaji, na wala simchambi. Nayaandika haya kwa sababu wengi wetu tulioko Uingereza tuko kama yeye, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo miaka 6 mizima. Mlioko nyumbani mnaweza kusoma pia, ila masharti nitakayoyataja ni ya huku.

Ninachosema ni hiki: uaminifu wako kwa benki si tabia njema. Ni hela yako inayovuja. Na anayekuambia ukihama una tamaa, amechanganya benki na mtu.

Sehemu ya 2: Nani alikuambia anakupenda?

Najua inavyokuwa. Umefika, baridi, hujui hata basi linalipiwaje. Unahitaji akaunti ili mshahara uingie. Benki ya kwanza inakukataa kwa kuwa huna uthibitisho wa anwani, ya pili inakuambia urudi wiki ijayo, ya tatu inakubali. Ile kadi ikifika kwenye bahasha yenye jina lako, unaibusu. Mimi niliibusu, sioni aibu kusema.

Sasa ile shukrani tunaibeba miaka. Tunaona kuhama ni kumkosea mtu aliyetusitiri. Mama, hakukuwa na mtu hapo. Kulikuwa na fomu, na fomu yako ilikidhi masharti. Siku ambayo haingekidhi, ungeachwa nje kama ulivyoachwa na zile mbili za kwanza.

Na usidhani hili ni langu peke yangu. Septemba 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, kuhusu wateja waaminifu wanaotozwa zaidi ya wateja wapya. Yalitajwa masoko matano: simu, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba, na akiba za benki. Hasara ya wateja kwa mwaka ilikadiriwa karibu pauni bilioni 4. Bilioni! Kwa kosa la kutulia tu mahali pamoja.

Kwenye bima ya nyumba na ya gari, ilibidi sheria iingilie kati. Tangu Januari 2022 kampuni haziruhusiwi kumtoza mteja wa zamani anayeongeza mkataba bei ya juu kuliko ambayo zingemtoza mteja mpya wa aina hiyo hiyo. Yaani mchezo ulifika mahali ukahitaji kupigwa marufuku. Halafu wewe unaniambia wanakuthamini.

Miaka miwili kabla ya malalamiko hayo, mwaka 2016, CMA hiyo hiyo ilipochunguza benki za kawaida, ilikuta wateja wanaohama kwa mwaka ni asilimia 3 hivi. Hebu fikiria wewe ndiwe mwenye duka. Wateja 97 katika 100 hawaondoki hata ukiwafanyia nini. Utawapunguzia bei? Hela utaitumia kuwavuta wale ambao hawajaingia, basi. Ndiyo maana bonasi anapewa mgeni na wewe mwenyeji unapewa kalenda.

Kwa hiyo swali la "benki gani inagawa hela bure" jibu lake ni rahisi. Si bure. Wanakununua. Wanajua ukishaingia utakaa miaka 9, utachukua ovadrafti, kadi, labda mkopo wa gari, na hizo pauni 175 zitarudi mara nyingi. Dawa yake ni kuchukua bei waliyoitaja na kukataa yale mengine.

Sehemu ya 3: "Hela yenyewe ndogo"

Hili ndilo linalonichoma zaidi, na linasemwa na watu wanaofanya kazi kama punda.

Haya, tupige hesabu. Nesi wa Bendi ya 5 anayeanza England, kwa viwango vya 2025/26, alikuwa akilipwa pauni 31,049 kwa mwaka. Ukigawa, ni pauni 15.88 hivi kwa saa, kabla kodi na pensheni hazijapita. Pauni 175 ni saa 11. Ni karibu zamu moja ndefu: kugeuza wagonjwa, kukimbilia kengele, kula mkate umesimama, kurudi nyumbani miguu imevimba. Na nimeilinganisha na mshahara ambao haujakatwa. Ukiweka kinachobaki mkononi, inazidi zamu moja.

Sasa niambie: mtu akikuambia utajaza fomu dakika 20 ukiwa umekaa kwenye sofa, na utalipwa zamu nzima, utasema hela ndogo? Zamu ya ziada ya Jumapili unaigombania, unamwacha mtoto kwa jirani, unakosa ibada. Hii unaidharau kwa sababu hujaitokea jasho. Tumefundishwa kwamba hela isiyo na jasho ni ya wizi. Benki haitoki jasho, na bado inakukata.

Lakini sitaki niwadanganye kama wale mabinti wa video wanaosema wanaishi kwa bonasi. Chukua familia ya watu wanne inayosubiri ukaazi wa kudumu. Kuanzia Aprili 2025 ada iliwekwa pauni 3,029 kwa kila mtu, na mtoto analipa sawa na mtu mzima. Jumla pauni 12,116. Mke na mume wakihama mara mbili kila mmoja kwa mwaka, kwa wastani wa pauni 150, wamepata 600. Hawajafika popote karibu na 12,116.

Kwa hiyo anayekuuzia hili kama ukombozi ni mwongo. Hizo 600 ni sehemu moja kati ya ishirini ya ada ile. Ila pia ni viatu vya shule, koti la baridi, na mwezi mmoja usioingia kwenye ovadrafti. Mimi kwenye kazi yangu sijawahi kuona mgonjwa anayekataa mililita 50 za maji kwa sababu mwili unahitaji lita mbili. Anakunywa hizo, halafu tunatafuta nyingine.

Sehemu ya 4: Jinsi inavyofanyika, hatua kwa hatua

Hofu kubwa ninayoisikia ni: mshahara utapotea njiani. Haupotei. Tangu Septemba 2013 kuna utaratibu wa kitaifa unaoitwa Current Account Switch Service, na benki nyingi zimo. Akaunti zaidi ya milioni 10 zimeshahamishwa kwa njia hiyo. Unavyofanya kazi ni hivi:

Unafungua akaunti benki mpya na kuwaambia unataka uhamisho kamili kupitia utaratibu huo. Huendi benki ya zamani kuaga wala kuomba radhi. Mpya ndiyo inamalizana nayo.

Unachagua siku ya kuhama. Kazi inachukua siku 7 za kazi. Ushauri wangu: usichague siku ya mshahara wala siku ya kodi ya nyumba. Chagua katikati ya mwezi, pale ambapo hakuna kinachoingia wala kutoka kwa wingi.

Siku ikifika, salio lako linahamia na akaunti ya zamani inafungwa. Makato ya kila mwezi uliyoidhinisha benki kwa benki, yale ya dairekti debiti kama umeme, maji na ushuru wa halmashauri, yanahamishwa yote. Vilevile malipo ya kudumu uliyoyapanga mwenyewe.

Mshahara ukitumwa kwa bahati mbaya kwenye namba ya zamani, unaelekezwa kwenye mpya. Uelekezaji huo haudumu wiki moja tu. Umewekewa miaka mitatu. Hata hivyo, waandikie watu wa mishahara namba mpya, usitegemee msaada wa njiani.

Kitu kikiharibika kwenye uhamisho, ukatozwa riba au faini, benki mpya inatakiwa kukurudishia. Hiyo ni dhamana iliyoandikwa.

Hela zenyewe, benki ikiwa imesajiliwa rasmi, zinalindwa na mfuko wa FSCS. Tangu Desemba 2025 ulinzi ni hadi pauni 120,000 kwa mtu mmoja katika benki moja. Wengi wetu hatuna hofu ya kuvuka hapo, Mungu atusaidie tuje kuwa nayo.

Bonasi yenyewe ina masharti. Kwa kawaida watataka uhamishe kwa utaratibu huo kamili, uwe na makato mawili au zaidi yanayoendelea, uingize kiasi fulani ndani ya siku fulani, mara nyingi pauni 1,000 au 1,500, na uwe hujawahi kupokea bonasi kwao. Soma masharti kama unavyosoma chati ya dawa: kipimo, muda, na nani asipewe. Piga picha ya ukurasa siku unayojaza fomu. Wakibisha baadaye, unayo.

Na kuna kitu wengi hawajui. Si lazima uhamishe akaunti kuu ya mshahara. Unaweza kufungua akaunti ya pili, ukaiwekea makato madogo mawili, na hiyo ndiyo ukaihamisha huku na huku. Ya mshahara inabaki imetulia. Mimi sasa ndivyo nafanya, na sababu utaiona kwenye sehemu inayofuata.

Sehemu ya 5: Nilipoharibu mimi

Mara ya kwanza kuhama niliharibu mambo mawili. Nayasema ili wewe usirudie.

La kwanza. Darasa la kuogelea la mwanangu lilikuwa linalipwa kwa namba ya kadi. Mimi nikadhani kila kitu kinahama. Kumbe malipo yanayokatwa kwenye namba ya kadi hayahami. Kadi ya zamani ikifa, na yenyewe yanakufa. Mtoto amefika Jumamosi na taulo lake begani, akaambiwa jina lake halipo kwenye orodha. Alilia njia nzima ya kurudi. Sikuwa na wa kumlaumu. Basi wewe, kabla ya kuhama, pitia taarifa ya miezi mitatu na uandike kila kitu kinachokatwa kwenye kadi: televisheni ya mtandaoni, mazoezi, madarasa ya watoto, simu. Siku kadi mpya ikifika, nenda kabadilishe mwenyewe moja moja.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Sikupakua taarifa za benki za zamani. Akaunti ilipofungwa, programu ya simu ikafungwa nayo. Miezi michache baadaye tukahitaji ushahidi wa mishahara kwa maombi ya viza. Mnaojua maombi ya mwenza mnajua: mwajiriwa huleta hati za mshahara za miezi 6, na taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha mshahara ukiingia. Nilikuwa na hati, sikuwa na taarifa. Nilipiga simu, nikawekwa kwenye muziki, nikaambiwa watatuma kwa posta. Wiki ya kwanza hakuna. Wiki ya pili hakuna. Zilifika, ndiyo, lakini kwa usingizi niliokosa, bonasi ya pauni 150 haikuonekana tamu tena.

Kwa hiyo amri yangu ni moja: pakua taarifa zote, miaka yote inayopatikana, hifadhi sehemu mbili, ndipo uguse kitu. Na kama una maombi ya viza au ya mkopo wa nyumba yanakuja miezi michache ijayo, iache akaunti ya mshahara. Itulie. Kila unapofungua akaunti, benki huweza kuchungulia rekodi yako ya mikopo, na ule uchunguzi unaacha alama. Moja si neno. Nne ndani ya mwezi mmoja zinakufanya uonekane mtu aliyebanwa.

Na kama uko ndani ya ovadrafti, sikiliza vizuri. Benki mpya hailazimiki kukupa ovadrafti kama ya zamani, na deni lako la zamani lazima lilipwe. Huku riba ya ovadrafti mara nyingi iko karibu na asilimia 40 kwa mwaka. Kuziba shimo hilo kunakuja kabla ya bonasi yoyote. Huwezi kufurahia pauni 175 zilizoingia mlangoni huku dirishani zinatoka.

Sehemu ya 6: Keshibeki, kipande cha sukari

Hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaopenda mambo haya. Bonasi ya kuhama naitetea. Keshibeki naiogopa.

Bonasi ina mwisho. Umefanya kitu kimoja, umelipwa, kwisha habari. Keshibeki inataka uendelee kutumia ndipo ikupe. Asilimia 1 ya ulichonunua. Yaani ukiongeza matumizi ya pauni 100, inakurudishia pauni 1 na wewe unajiona umeshinda. Mama, umepoteza 99.

Tupige tena hesabu. Kadi ya mkopo ikupe asilimia 1 kwenye pauni 600 za sokoni: pauni 6. Sasa mwezi umekuwa mrefu, shangazi amelazwa nyumbani, umetuma hela, hukulipa kadi yote. Riba za kadi huku zinavuka asilimia 20 kwa mwaka kirahisi. Tuseme 24. Ni kama asilimia 2 kwa mwezi, yaani pauni 12 kwenye hizo 600. Umepewa 6, umekatwa 12. Mwezi mmoja tu wa kuteleza umekula keshibeki ya miezi miwili.

Kuna na akaunti zinazokutoza ada ya mwezi ili zikupe keshibeki kwenye bili. Ada pauni 3, keshibeki asilimia 1, bili zako pauni 300. Unapata 3, unalipa 3. Umefanya kazi ya karani wa benki bila mshahara.

Sisemi keshibeki ni haramu kwa kila mtu. Kama unanunua kile kile ulichokuwa unanunua, na kadi inalipwa yote kwa makato ya moja kwa moja kila mwezi, chukua senti zako. Lakini jiulize kwa ukweli: mwezi uliopita ulilipa yote? Kama jibu linaanza na "ila ile mwezi ule...", hiyo kadi si yako. Iweke chini.

Dada zangu Waislamu mmeniuliza kama bonasi ni riba. Mimi ni nesi, si mufti. Riba ya akiba ni jambo moja na zawadi ya kuhamia ni jingine, na masheikh mnao. Waulizeni hao, mkiwa na masharti mkononi, wasome wenyewe.

Sehemu ya 7: Walio na watoto wakubwa, hii ni yenu

Nimekaa nikafikiri kama niliweke hili. Naliweka.

Tunaposema nyumbani kwamba benki inatoa hela ukifungua akaunti, vijana wetu wanasikia. Kijana wa miaka 17, 18, akiwa chuoni, anafuatwa kwenye simu: "Nipe akaunti yako siku mbili, hela ipite tu, wewe baki na pauni 200." Kwa masikio yake inafanana na bonasi. Mama yake si anapata 175 kwa kufungua akaunti?

Haifanani hata kidogo. Hiyo ni kusafirisha hela ya wizi. Alama ya udanganyifu ikiwekwa kwenye rekodi ya Cifas inaweza kukaa miaka 6. Miaka 6 bila akaunti ya kawaida, mkataba wa simu shida, mkopo wa chuo shida. Na sheria ya utakatishaji fedha hapa inafika hadi kifungo cha miaka 14. Kwa sisi tulio na viza, kesi ya mtoto inaweza kuwa kesi ya nyumba nzima.

Leo usiku, mkiwa mnakula, mwambie hivi: bonasi ya halali inatoka kwa benki yenyewe, inaingia kwenye akaunti yenye jina lako, na hakuna mtu wa tatu anayegusa kadi wala namba ya siri. Akiwepo mtu katikati, hata awe binamu, hata awe wa kanisani, kimbia.

Na hilo ni lako pia, mama. Yule anayesema "nipe taarifa zako nikufungulie, tugawane bonasi", mwambie asante, mkono wako bado unaweza kujaza fomu.

Sehemu ya 8: Akaunti ya nani?

Namalizia na lililo gumu.

Nilipoanza kuwaambia wenzangu habari hizi, dada mmoja alinijibu kwa sauti ya chini: "Mimi siwezi kuhama. Akaunti si yangu." Mshahara wake unaingia akaunti ya pamoja na mumewe. Yeye hana nyingine. Programu ya simu iko kwenye simu ya mume. Anafanya zamu nne kwa wiki na hajui salio.

Akaunti ya pamoja si dhambi. Ndoa nyingi zinakwenda nayo vizuri, na mimi na mume wangu tunayo ya kodi na bili. Na ili kuihamisha ile, wote wawili lazima mkubali, ni sawa kabisa. Lakini mwanamke anayefanya kazi asiye na hata akaunti moja yenye jina lake peke yake, huyo yuko mbali sana na habari ya bonasi. Yeye bado yuko mlangoni.

Kwa hiyo kwako wewe, dada, sikuambii uhame. Nakuambia ufungue. Moja, ndogo, jina lako, namba ya siri kichwani kwako. Anza na pauni 20. Si lazima iwe siri wala vita. Akiuliza, mwambie ukweli: benki inatoa bonasi kwa kila mtu na jina lake, tukiwa na akaunti mbili tunapata mbili. Ni kweli tupu, na mume mwenye akili atacheka na kukusaidia kujaza fomu. Asiyecheka, angalau umejua mapema.

Sasa nirudi kwa yule wa chumba cha mapumziko. Jana asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu alinivuta pembeni. Alikuwa ameingia kwenye taarifa zake na kujumlisha riba ya ovadrafti ya mwaka mzima. Sikuombwa kutaja kiasi, sitataja. Alisema tu, "Hii ingemleta mama yangu huku kunitembelea." Hakuna aliyecheka safari hii.

Ombi langu kwenu ni dogo. Usihame leo. Leo fungua taarifa ya benki yako, jumlisha walichokukata miezi 12 iliyopita, kisha tafuta walichokupa. Weka namba mbili hizo kwenye karatasi, bandika mlangoni mwa friji. Uzitazame wiki nzima unapotoa maziwa. Baada ya hapo, anayetaka kukuambia una tamaa, mwonyeshe karatasi.

Mie naenda kulala. Jioni nina zamu.